Aspirini, Mapacha na Mizani

Tarehe 13 Agosti 1988 jarida la kitabibu la Lancet, la London, lilitoa matokeo ya utafiti ulioitwa ISIS-2. Wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kupatwa na mshtuko wa moyo walikuwa wamepokelewa katika hospitali 417 za nchi 16, na kila mmoja akapigiwa kura mbili. Kura ya kwanza iliamua kama atameza aspirini kila siku kwa mwezi mmoja, au kidonge kitupu kinachofanana nayo. Ya pili iliamua kama atatiwa mshipani streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, au maji yasiyo na dawa. Baada ya wiki tano watafiti walihesabu waliokufa. Waliokosa dawa zote mbili walikufa 13 katika kila 100. Waliopata zote mbili walikufa 8.

Aspirini peke yake ilitosha kuushangaza ulimwengu wa tiba. Katika wagonjwa 8,587 walioipata, 804 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Katika 8,600 walioikosa walikufa 1,016. Kidonge ambacho dukani kwa Mangi unauziwa kwa bei ya pipi, ukitulize kichwa, kilikuwa kimeokoa maisha ya watu zaidi ya 200 ndani ya utafiti mmoja. Bahati peke yake haiwezi kuzaa tofauti kubwa namna ile.

Lakini ripoti hiyohiyo ilikuwa na hesabu nyingine, ya ajabu. Watafiti waliwapanga wagonjwa wao kwa nyota walizozaliwa nazo. Msomaji wa magazeti yetu anazijua: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani na zile zinazofuata; huzisoma asubuhi ndani ya daladala ajue kama leo ni siku ya kudai deni au ya kukaa kimya. Miongoni mwa wenye nyota ya Mapacha na Mizani, walikufa 150 waliomeza aspirini na 147 walioikosa. Kwao dawa haikufaa kitu. Ukitazama kwa jicho la haraka, ilielekea hata kudhuru. Kwa wenye nyota nyingine kumi, walikufa 654 waliomeza na 869 waliokosa. Kwa hesabu hizo, daktari angepaswa kumwuliza mgonjwa anayetweta mlangoni tarehe yake ya kuzaliwa kabla hajampa kidonge.

Kisa cha hesabu hiyo watakwimu wamekisimulia mara nyingi. ISIS-2 uliendeshwa kutoka Oxford na Richard Peto, Rory Collins na Peter Sleight. Makala ilipofika mezani kwa wahariri, walitaka matokeo yakatwekatwe: wazee mbali, vijana mbali, wenye kisukari mbali, waliowahi hospitali mbali na waliochelewa, ili daktari ajue dawa inamfaa nani hasa. Ombi hilo linasikika la busara. Peto aliona hatari yake. Akakubali kwa sharti moja, kwamba na nyota ziingie. Kwa hiyo kejeli ile ilichapishwa ikiwa imevaa suti na tai, katikati ya takwimu nzito, na imebaki hapo hadi leo. Nathubutu kusema imefundisha wanafunzi wengi wa udaktari kuliko vitabu vingi vya takwimu.

Peto hakuwa akicheza na jambo dogo. Kukata matokeo vipande kulikuwa kumeshaumiza watu, na dawa iliyohusika ilikuwa aspirini hiyohiyo.

Julai 1978, miaka kumi kabla ya nyota za Oxford, kundi la madaktari wa Kanada chini ya Henry Barnett lilichapisha utafiti kuhusu watu waliopata dalili za kiharusi zinazokuja na kupita: mkono unaokufa ganzi kwa dakika chache, ulimi unaokuwa mzito halafu unarudi. Dalili hizo ni kama hodi, maana kiharusi chenyewe mara nyingi huwa njiani. Wagonjwa walikuwa 585. Aspirini ilipunguza hatari ya kupata kiharusi au kufa kwa asilimia 31. Hapo wangeweza kuishia na kusherehekea. Wakaendelea, wakawatenga wanaume na wanawake. Kwa wanaume hatari ilipungua kwa asilimia 48. Kwa wanawake, hakuna.

Wanawake katika utafiti ule hawakufika theluthi ya wagonjwa wote, na waliopatwa na kiharusi au kufa kati yao walikuwa wachache mno. Ukihesabu matukio machache namna hiyo, watu wawili watatu wakiangukia upande huu badala ya ule hugeuza hadithi nzima. Hata hivyo hadithi ilipokelewa, na maelezo hayakukosekana. Zikatajwa homoni, zikatajwa tabia za damu ya kike. Binadamu hajawahi kushindwa kueleza jambo baada ya kuliona, hata kama alichokiona ni kivuli.

Mwaka 1980 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu aspirini iandikiwe wenye dalili hizo za kiharusi, kwa wanaume tu. Tafiti ziliendelea kuja. Mwaka 1994 zilipounganishwa hesabu za majaribio yaliyohusisha jumla ya watu takriban 100,000, faida ya aspirini kwa wenye maradhi ya mishipa ilionekana kwa wanawake kama kwa wanaume. Maelezo rasmi ya dawa nchini Marekani yalirekebishwa mwaka 1998. Kutoka 1980 hadi 1998 ni miaka 18. Ndani ya miaka hiyo mwanamke aliyeamka mkono umekufa ganzi, ukarudi, akaenda hospitali, angeweza kukutana na daktari msomi, mwenye nia njema, aliyefuata karatasi rasmi, akamrudisha nyumbani bila kidonge cha senti chache.

Kosa lilikuwa wapi? Kaa kijiweni Kariakoo na mashabiki wa Simba na Yanga uwasikilize wakichambua. Mmoja atakwambia timu yake haijafungwa ikicheza Alhamisi. Wa pili ataongeza: ikiwa ugenini. Wa tatu: ikiwa mvua imenyesha asubuhi. Yote hayo yanaweza kuwa kweli tupu ukifungua daftari la matokeo, na hakuna hata moja litakalokusaidia kujua mechi ya Jumamosi. Wamechagua siku, uwanja na mvua baada ya kuona mabao.

Watafiti nao wana daftari. Desturi yao ni kuikubali tofauti iwapo bahati peke yake ingeileta chini ya mara 5 katika 100. Kwa swali moja, ulinzi huo unatosha. Lakini chukua dawa isiyofanya chochote, wakate wagonjwa katika makundi 20 yasiyoingiliana, uliza swali lilelile kila kundi: uwezekano kwamba angalau kundi moja litakuambia uongo kwa sauti ya kisayansi ni 64 katika 100. Huo ni udanganyifu wa kwanza, wa kuona kilichopo pale pasipo na kitu. Wa pili ni kinyume chake, na ndio uliowaponza wanawake na wenye nyota ya Mapacha. Dawa inafanya kazi kweli, lakini kundi limekuwa dogo kiasi kwamba faida yake haionekani, na kutoonekana kukachukuliwa kuwa kutokuwepo. Aliyetaka kujua kuhusu wanawake wa Kanada hakupaswa kuwatazama peke yao. Alipaswa kuuliza kama pengo kati yao na wanaume ni pana kuliko linavyoweza kupanuliwa na bahati. Ni swali gumu zaidi, linahitaji watu wengi zaidi, na mara nyingi jibu lake huwa kwamba hatuwezi kusema. Jibu kama hilo halipati nafasi kwenye kurasa za mbele.

Hata hivyo, kutokata kabisa nako kuna dhuluma yake. Kwa miongo mingi dawa zilijaribiwa kwa wanaume weupe, kisha wengine wote tukaambiwa nasi tumo ndani ya wastani. Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotaka wanawake na watu wa jamii za wachache waingizwe katika tafiti zinazolipiwa na serikali, na majaribio makubwa yapangwe kwa namna itakayoonyesha kama dawa inawaathiri tofauti. Madai hayo yalikuwa ya haki. Ila haki ya kuhesabiwa inakuja na hatari ya kuhesabiwa vibaya, na miaka kumi baadaye ikaonekana.

Februari 2003 kampuni ya VaxGen ya California ilitangaza matokeo ya chanjo yake ya Ukimwi, iliyojaribiwa kwa watu zaidi ya 5,000, wengi wao wakiwa Amerika Kaskazini. Kwa jumla ilikuwa imeshindwa. Lakini tangazo lilisema kwa watu weusi ilipunguza maambukizi kwa asilimia 78. Fikiria habari hiyo ilivyopokelewa na Waafrika. Nyuma ya asilimia 78 walikuwepo watu weusi 314: waliochanjwa 203, wakaambukizwa 4, wasiochanjwa 111, wakaambukizwa 9. Watu 13! Abiria wa Hiace moja, na viti vinabaki. Jaribio jingine la chanjo ya kampuni hiyohiyo, lililofanywa Bangkok, lilimalizika mwaka huohuo bila kuonyesha kinga yoyote, na habari ya asilimia 78 ikafifia.

Sasa nije nyumbani, kwenye wodi za watoto za Afrika Mashariki, kwa sababu hapa kisa kimepinda kwa namna ambayo Oxford haikuipata.

Mama yeyote aliyelaza mtoto anaijua dripu. Mtoto analetwa ana homa kali, miguu baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, na kabla jambo jingine halijafanyika wazazi wanauliza: mbona hatundikiwi maji? Katika hospitali za Ulaya na Marekani kumwingizia mtoto wa namna hiyo maji mengi kwa kasi kulikuwa jambo lisilojadiliwa. Ilikuwa ndiyo tiba. Swali la kama maji hayo yanaokoa watoto wa Kiafrika wenye malaria na maambukizi makali, katika hospitali zisizo na mashine za kupumulia, halikuwa limewahi kuulizwa kwa kura. Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, aliongoza utafiti uliouliza. Uliitwa FEAST. Ulianza mwaka 2009 katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda.

Watoto waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. Wa kwanza walipewa kwa haraka maji yenye albumini, wa pili maji ya chumvi kwa kasi ileile, wa tatu hawakupewa maji ya kasi. Walipata dawa nyingine zote, damu kwa waliohitaji, na maji ya taratibu ya kawaida. Wengi walitarajia fungu la tatu litapoteza. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikizitazama takwimu kwa siri ilisimamisha utafiti kabla idadi iliyokusudiwa haijatimia. Hadi hapo mafungu hayo matatu yalikuwa na watoto 3,141. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa 111 kati ya 1,050 wa albumini, 110 kati ya 1,047 wa maji ya chumvi, na 76 kati ya 1,044 wasiopewa maji ya kasi. Dripu ya haraka, ile tuliyoililia, ilikuwa inaua.

Matokeo yalipochapishwa Mei 2011 yalizua ubishi mkali, na ubishi huo ulikwenda moja kwa moja kwenye makundi. Haiwezekani, wakasema wakosoaji, kuna watoto mle waliofaidika, wamefunikwa na wenzao. Pengine wenye malaria ndio waliodhurika. Pengine ni wale wenye upungufu mkubwa wa damu, ambao damu yao kidogo ilizimuliwa na maji. Watoe hao, utaona dripu inafanya kazi. Watafiti walikuwa wametazama: wenye malaria na wasio nayo, wenye damu kidogo na wenye damu ya kutosha, waliopoteza fahamu na waliokuwa macho, wadogo na wakubwa. Katika kila kundi mkono wa mizani ulielemea upande uleule. Hakukuwa na chumba hata kimoja ndani ya nyumba ile ambamo dripu ya kasi ilikuwa imejificha ikiokoa watoto. Na hapo ndipo uchambuzi wa makundi ulipotumika vizuri: haukumsaka mshindi, ulijaribu kama matokeo makuu yanatikisika. Hayakutikisika.

Nikiri jambo. Katika ripoti ileile kuna kikundi cha watoto 65 tu waliotimiza kipimo kikali cha Shirika la Afya Duniani cha mtoto aliyezidiwa kwa kukosa mzunguko wa damu. Kati ya 50 waliopewa maji ya kasi, 24 walikufa. Kati ya 15 wasiopewa, 3. Nilipoziona tarakimu hizo mara ya kwanza nilitaka kuzishika kama rungu na kumpiga nazo kila mkosoaji. Lakini watoto 15 ni watoto 15. Mmoja angeangukia upande wa pili, asilimia ingeruka. Siwezi kuwacheka VaxGen kwa watu wao 13 halafu nikaapa kwa watoto hawa kwa sababu tu wanasema ninachopenda kusikia.

Wakati ubishi wa dripu ukiendelea, watoto wengine wa Kilifi, Siaya, Kombewa, Korogwe na Bagamoyo walikuwa ndani ya jaribio jingine, kubwa zaidi: chanjo ya malaria ya RTS,S. Vituo vilikuwa 11 katika nchi 7 za Afrika, na watoto 15,459. Humu mgawanyo wa kwanza ulipangwa kabla sindano ya kwanza haijachomwa: watoto wachanga wa wiki 6 hadi 12 upande mmoja, wa miezi 5 hadi 17 upande wa pili, kila upande na maelfu yake. Matokeo ya mwisho yalichapishwa 2015. Kwa wakubwa waliopata dozi zote nne, chanjo ilipunguza mara za kuugua malaria kwa asilimia 36. Kwa wachanga, asilimia 26. Tofauti hiyo ilichukuliwa kwa uzito, ikaamua chanjo ianze na watoto wa umri gani, na hakuna aliyeifananisha na nyota za Oxford. Swali lilikuwa limeulizwa mapema, na waliojibu walikuwa wengi.

Halafu likaja swali ambalo hakuna aliyelipanga. Wachambuzi walipowatenga wasichana na wavulana, waliona kwamba wasichana waliochanjwa walikufa kwa sababu mbalimbali kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wasichana wa upande wa kulinganishia. Kwa wavulana hali haikuwa hivyo. Vifo kwa jumla vilikuwa vichache, na mgawanyo ulifanywa baada ya matokeo kujulikana. Kwa kila kanuni iliyoelezwa hapo juu, hii ilikuwa harufu ya Mapacha na Mizani. Lakini nani angesimama mbele ya kina mama wa Siaya aseme: puuzeni, ni bahati tu?

Shirika la Afya Duniani halikuamini wala halikupuuza. Pamoja na mashaka kuhusu homa ya uti wa mgongo, malaria ya kichwani, na ugumu wa kuwarudisha watoto kliniki kwa dozi ya nne, suala la wasichana lilikuwa miongoni mwa sababu za kutoisambaza chanjo mara moja. Ukaamuliwa mpango wa majaribio nchini Ghana, Malawi na Kenya, ambamo maeneo yalichaguliwa kwa kura: mengine yakapata chanjo mapema, mengine yakasubiri ili yalinganishwe. Safari hii swali la wasichana liliandikwa kwanza, kwa wino, kabla ya hesabu yoyote. Malawi na Ghana zilianza Aprili na Mei 2019. Kenya ilizindua Homa Bay tarehe 13 Septemba mwaka huo.

Wapo waliolalamika kwamba kusubiri kuligharimu maisha, na hawakukosea kabisa. Malaria ilikuwa ikiua watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano zaidi ya 260,000 kwa mwaka, na tangu ripoti ya 2015 hadi jibu kupatikana ilipita miaka sita. Mimi nasimama upande wa waliosubiri. Wanawake wa 1980 walinyimwa dawa kwa tetesi ambayo haikurudiwa kuulizwa hadi miaka ikapita. Wasichana wa Homa Bay walipewa swali lao wenyewe, likajibiwa kwa watoto wa kutosha.

Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika wanaoishi penye malaria. Kufikia siku hiyo zaidi ya watoto 800,000 wa nchi zile tatu walikuwa wameshaipata. Takwimu za vifo zilitazamwa kwa wasichana na kwa wavulana, na hakukuonekana tofauti kati yao.